Hakikulipuka Kitu

Simu niliificha ndani ya soksi ya mguu wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu mpwa wangu ameniapisha: popote nitakapoisimulia safari ile, nisije nikaruka kipande hicho.

Tulikuwa Blaenavon, mji mdogo wa milimani kusini mwa Wales, mwezi wa saba, upepo unavuma kana kwamba habari za kiangazi hazijafika huko. Mpwa wangu anasomea uuguzi Cardiff. Nilikwenda kumtembelea na begi lenye karanga na unga wa muhogo, na aliponiuliza nataka kuona nini katika nchi ya watu, nikajibu bila kufikiri: mgodi. Makasri sikuwa na shida nayo. Mdogo wangu ana maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, kwetu Geita, na nilitaka nirudi na picha za kumwonyesha wenzetu walichimbaje.

Mgodi wenyewe unaitwa Big Pit, Shimo Kubwa kwa lugha yetu. Uliacha kutoa makaa mwaka 1980, ukafunguliwa kwa wageni mwaka 1983, na leo ndio makumbusho ya taifa ya makaa ya mawe ya Wales. Mimi nikisikia makumbusho naona kabati za vioo, vibao na mlinzi anayesinzia. Pale hamna hayo. Unashushwa mita 90 chini ya ardhi ndani ya lifti ya chuma ambayo wao huiita keji, na anayekutembeza ni mtu aliyepata kuchimba makaa kwa mikono yake. Tena mbele ya sheria mahali pale ni mgodi bado, si bustani ya watalii, na wakaguzi wa migodi huenda kuukagua kama migodi mingine.

Ndiyo maana, kabla ya kushuka, mnasimamishwa na kuambiwa mtoe kila chenye betri na kila kinachowasha moto. Simu, saa, kamera, kiberiti, sigara, hata funguo za gari zenye rimoti. Mzee aliyekuwa akitushusha, mfupi, mabega mapana, mwenye alama ya buluu kwenye paji la uso kama mtu aliyechanjwa, alisema maneno yale polepole huku akitutazama mmoja mmoja. Nilikuja kuambiwa baadaye kuwa alama za namna ile ni vumbi la makaa lililofukiwa na kidonda kilipopona. Watu wakatoa vitu vyao. Nami nikatoa saa yangu, kwa mbwembwe, nikaiweka mezani kila mtu aone.

"Mjomba, na simu?" mpwa wangu akanong'ona.

"Nimeiacha kwenye begi, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Nilijipa sababu zote ambazo mtu wa kwetu hujipa. Kwamba mgodi umefungwa zaidi ya miaka arobaini, gesi itoke wapi. Kwamba kila ofisi ina kibao cha kukataza picha na bado watu wanapiga picha. Kwamba simu nimeinyamazisha. Na kubwa kuliko zote, kwamba nimekwishapita sehemu nyingi nikiwa nimekiuka masharti na sikuona lolote likitokea.

Tukavalishwa kofia ngumu yenye taa, na mkanda kiunoni uliobeba betri ya taa hiyo pamoja na kopo la chuma. Kopo lile lina kifaa cha kupumulia iwapo hewa itaharibika. Uzito wa vyote ni kama kilo tano, na dakika kumi za mwanzo unatembea kama mama mjamzito. Keji ikafungwa, kengele ikalia, miguu ikabaki juu, tumbo likatangulia chini.

Nieleze kidogo kilichoko kule, maana ni mahali pa kuonwa. Njia ni za kuinama. Magogo na vyuma vimeshika dari, maji yanachuruzika pembeni, na kila baada ya mwendo mnakuta mlango mzito wa mbao. Nilidhani ni milango ya stoo. Mzee akasema ile ndiyo mapafu ya mgodi: hewa safi inaingizwa kwa shimo moja na kutolewa kwa jingine, na milango ndiyo inayoilazimisha ipite kote badala ya kukata njia ya mkato. Mlango mmoja ukiachwa wazi, kuna kona huko ndani inaacha kupumua, na gesi inaanza kujikusanya.

Zamani milango ile ilifunguliwa na kufungwa na watoto. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza uliotangazwa mwaka 1842 uliwakuta migodini watoto wa miaka sita, wengine mitano, wamekaa gizani kutwa nzima na kamba mkononi, wanasubiri kusikia behewa linakuja. Mshumaa ulikuwa gharama, hivyo wengi walikaa bila mshumaa. Sheria ya mwaka huohuo ikakataza wanawake na wasichana wote kufanya kazi chini ya ardhi, na wavulana walio chini ya miaka 10. Mwenye miaka 10 aliruhusiwa.

Mabanda ya farasi yapo bado, na kila kibanda kina jina la farasi wake. Farasi walishushwa humo, wakalishwa humo, wakavuta mabehewa ya makaa miaka na miaka. Mzee alisimulia kwamba farasi mzoefu alihesabu mlio wa minyororo ya mabehewa yakiungwa nyuma yake. Ukimwongezea moja juu ya hesabu aliyoizoea, hasogei. Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wengine, maana nilikuwa nimeshaanza kupanga picha ya kwanza nitakayopiga: vibanda vile, kutoka pembeni, wenzangu wakishatangulia.

Sikuipiga. Tulifika mahali penye mlango, mzee akatuketisha kwenye ubao, akasema tuzime taa zetu zote ili tujue mtoto wa mlangoni alikaa na nini. Taa zikazimwa moja moja.

Giza la umeme kukatika nalijua, nimekulia humo. Lile lina nyota, lina kibatari cha jirani, lina weupe wa shati la mtu anayepita. Hili la chini halina kitu. Niliuinua mkono hadi ukagusa kope na sikuuona. Mtoto mmoja katika kundi letu akasema neno dogo kwa mama yake, kisha kimya, maji tu yakidondoka mahali fulani.

Ndipo jogoo akawika.

Mimi nina presha, na dawa yangu ina saa yake. Simu nimeitegesha kengele ya jogoo wa kienyeji, kwa sababu milio mingine naizoea na kulala juu yake. Kuinyamazisha simu hakuinyamazishi kengele. Hilo nililijua nyumbani na nililisahau Blaenavon. Akawika kwa nguvu, na soksi yangu ikawaka mwanga wa buluu katikati ya lile giza, watu wote kumi na kadhaa wakiutazama mguu wangu kama taa ya mnara baharini.

Kitu ninachokikumbuka zaidi ni macho ya mzee. Taa yake ilipowaka hakunitazama mimi. Alitazama kwanza kifaa cha kupimia gesi alichokining'iniza, akakisoma, akainua kichwa kuelekea darini, akakisoma tena. Mimi nilikuja baadaye, wa tatu au wa nne. Nikainama kuitoa simu niizime.

"Usiiguse," akasema. "Iache hapo ilipo. Sote tunarudi juu."

Hakupandisha sauti. Tukasimama, tukageuka, ziara haijafika nusu. Na kwa kuwa kengele yangu ina tabia ya kurudia kila baada ya dakika tano, jogoo akawika mara ya pili tukiwa kwenye mabanda ya farasi, na mara ya tatu tukisubiri keji. Mpwa wangu ni msomaji wa Biblia. Mara ya tatu alinitazama, akasema neno moja tu: "Petro."

Juu nilipokonywa simu na kijana mmoja kwa adabu zote, nikaombwa nikae pembeni. Mtoto yule aliyekuwa kundini alilia. Kumbe ilikuwa siku yake ya kuzaliwa na alikuwa akisubiri kuona mashine ya kuvutia mabehewa. Wakapangiwa kushuka tena na kundi jingine. Mimi sikupangiwa.

Mzee akaja baadaye kwenye mgahawa, akiwa na kikombe cha chai, akaketi mbele yangu bila kukaribishwa. Nikaona nimwombe radhi kiume.

"Nisamehe sana, mzee wangu. Nimekosa. Ila tumshukuru Mungu, hakikulipuka kitu."

Akakoroga chai ile kwa muda mrefu kuliko sukari yoyote inavyohitaji. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia kijiji kinaitwa Senghenydd. Nikasema sijasikia.

Aliyonieleza pale, na niliyoyasoma usiku ule mpwa wangu akiwa hanisemeshi, ni haya.

Makaa ya mawe yana gesi ndani yake, methani. Haina rangi, haina harufu. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa hailipuki. Ikizidi asilimia 15 hailipuki pia, kwa kukosa hewa ya kutosha kuwaka. Katikati hapo, cheche moja inatosha. Na mlipuko wa gesi mara nyingi ni mwanzo tu. Upepo wake hutimua vumbi la makaa lililotulia sakafuni na kwenye mbao, vumbi nalo hushika moto, moto ukakimbia njia hadi njia ukijitimulia vumbi lake wenyewe mbele yake. Walio karibu huungua. Walio mbali, ambao ndio wengi, huuawa na hewa inayobaki nyuma, iliyojaa kaboni monoksaidi. Hukutwa wameketi, kama watu waliopumzika.

Dawa ya gesi ilidhaniwa kupatikana mwaka 1815, Humphry Davy alipobuni taa ambayo mwali wake umezungushiwa wavu mwembamba wa waya. Moto hauvuki wavu ule, na gesi ikiwepo mwali huvaa kikofia cha buluu, ukamwonya mtu. Taa ya usalama, wakaiita. Basi wenye migodi wakasema vizuri, sasa tunaweza kuwatuma watu kwenye kona zile tulizoziacha kwa sababu ya gesi. Wakawatuma. Milipuko haikukoma. Mzee alilisema hili bila hasira, kama mtu anayeeleza mvua inavyonyesha.

Senghenydd, mgodi ulioitwa Universal, ulilipuka mara ya kwanza Mei 1901, alfajiri, wakati zamu ya usiku ilikuwa imeshapanda na chini wamebaki wachache. Walikufa watu 81. Uchunguzi ukalitaja vumbi la makaa. Mgodi ukasafishwa, ukafunguliwa, ukachimbwa miaka kumi na miwili mingine, na kila siku katika miaka ile watu walishuka asubuhi wakapanda jioni. Hesabu siku hizo. Ni maelfu ya siku, na kila moja ilikuwa inamfundisha meneja jambo moja tu, kwamba mambo yako sawa.

Mwaka 1911 ikatoka sheria mpya ya migodi. Moja ya masharti yake lilikuwa kwamba feni kubwa ya hewa iweze kugeuzwa mwelekeo, ili moto ukizuka moshi usipelekwe waliko watu. Tarehe ya mwisho ilikuwa mwanzo wa Januari 1913. Universal wakaomba muda, wakapewa hadi mwisho wa Septemba. Septemba ikaja, ikaisha. Feni haikuguswa.

Tarehe 14 Oktoba 1913, saa mbili asubuhi na dakika chache, watu wapatao 950 wakiwa chini, mgodi ukalipuka. Walikufa 439, na mwokoaji mmoja aliyeshuka kuwatafuta akafanya 440. Hakuna ajali ya mgodi iliyoua wengi kiasi hicho katika historia ya Uingereza. Kuna nyumba zilizopoteza baba na watoto wa kiume kwa mpigo, kwa kuwa kijana wa miaka kumi na minne alikuwa ameshahesabiwa mtu wa kazi.

Cheche ilitoka wapi? Wachunguzi hawakuweza kukata shauri. Pengine mwamba ulianguka ukagonga mwamba. Lakini jambo walilolitilia shaka sana ni kengele. Mabehewa yaliongozwa kwa ishara za kengele za umeme, na nyaya zake zilipita njiani bila kuvikwa kitu. Ukitaka kengele ilie, unagusanisha nyaya mbili. Kila mgusano ni cheche ndogo. Watu waligusanisha nyaya zile mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho ya wasimamizi, na hakikulipuka kitu.

Hapo mzee akanitazama mguu, soksi ya kushoto.

Kesi ilisikilizwa. Meneja alikutwa na hatia ya makosa manane, akatozwa faini ya pauni 24. Kampuni, kwa feni ile, pauni 10 pamoja na gharama. Magazeti ya wakati ule yalifanya hesabu ambayo nami niliirudia mezani kwa mpwa wangu kwa kalamu: pauni 24 ni shilingi 480 za zama zile, gawanya kwa roho 440. Shilingi moja na peni moja hivi kwa kila roho.

Kesho yake mpwa wangu alinisamehe nusu. Nusu nyingine akaiweka kwenye treni, akanipeleka Aberfan. Nilimwuliza huko kuna mgodi gani, akasema hakuna mgodi, kuna makaburi.

Kifusi cha mgodi lazima kiende mahali. Aberfan kilimwagwa mlimani, juu ya kijiji, rundo baada ya rundo. Rundo la saba lilianzwa mwaka 1958, juu ya chemchemi zilizokuwa zikionekana hata kwenye ramani. Marundo yale yalikuwa yameshaporomoka kabla, mwaka 1944 na tena 1963, yakaishia mlimani. Hakufa hata kuku. Mwaka huo wa 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika kuonya juu ya hatari iliyoko nyuma ya shule. Barua zikajibiwa, majibu yakajibiwa.

Tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, siku ya mwisho kabla ya likizo fupi, watoto wakiwa ndio kwanza wamekaa darasani, rundo la saba likashuka. Lilizika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Tume iliyochunguza ilisema wazi kwamba lawama ni ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna aliyeshtakiwa. Na ili marundo yaliyobaki yaondolewe mlimani, pauni 150,000 zilichotwa kutoka mfuko wa rambirambi, fedha ambazo watu wa dunia nzima walikuwa wamezituma kwa wafiwa. Zikaja kurudishwa mwaka 1997, bila riba.

Makaburi ya watoto yako safu mbili juu ya kilima, matao meupe yameshikana mikono. Mpwa wangu, ambaye kazi yake itakuwa kukaa na watu wanaokata roho, alitembea mbele yangu akisoma umri tu. Tisa. Nane. Kumi. Saba. Sikumwambia kitu. Pale ndipo nilipoanza kufikiria mbao.

Sisi watu wa maduara tunaziita matimba. Ni magogo yanayopangwa kushika kuta za shimo ili lisijifunge. Duara la kwanza la mdogo wangu lina matimba tangu juu hadi chini. La pili, lililoshika mwamba wenye mali, limepita mita thelathini, na matimba yake yaliishia mita kumi na mbili, fedha ilipokata. Nililijua hilo. Nalijua mwaka wa tatu sasa.

Usiku nikampigia. Nikamsimulia kisa cha jogoo, na kwa kuwa nakipenda kicheko chake nilikisimulia vizuri, nikawika na kuwika. Alicheka hadi akakohoa.

"Halafu, kaka?"

"Halafu tukarudishwa juu wote."

"Kwani kuna kitu kililipuka?"

"Hapana."

"Sasa si ndiyo hapo. Wazungu nao wana mambo."

Nikamwuliza habari za matimba ya duara la pili. Akasema mbao zimepanda, na magogo ya kukata siku hizi ni kesi na watu wa misitu. Akasema wanasubiri mawe yaliyoko kwenye karasha yasagwe, wakiuza tu huo mzigo wanaweka. Akasema ule mwamba ni mgumu, unasimama wenyewe, vijana wanashuka humo kila siku. Nikamkumbusha Nyangarata, kule Kahama, mwaka 2015, wachimbaji waliofukiwa na kuishi siku 41 gizani kwa mizizi, mende na vyura.

"Wale si walitoka, kaka?"

"Walitoka watano. Wa sita alibaki chini."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuyamaliza, kwamba wiki ijayo. Nami nikaisikia ile Septemba ya Universal, lakini sikuweza kuisema, na sababu yake ni ya aibu kuliko soksi. Nusu ya nauli yangu ya ndege ilitoka kwenye duara lile la pili. Kila mzigo ukiuzwa nina fungu langu. Mwanzoni nilitoa fedha ya winchi na kamba. Sijawahi kushuka humo. Mdogo wangu naye hashuki tena tangu goti limsumbue. Wanaoshuka ni vijana wanne wa kutoka vijiji vya jirani, na nilipojaribu usiku ule kukumbuka majina yao nilipata mawili.

Asubuhi nilimtumia fedha ya mbao, sehemu ya zile nilizokuwa nimewekea koti. Akajibu kwa shukrani ndefu na dua za kutosha. Baada ya wiki nikauliza. Akasema magogo yako njiani. Baada ya mbili nikauliza. Mtandao ukawa unakatakata, jambo la ajabu, maana mnara wa simu uko kilomita moja kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji na siku zote mdogo wangu anasikika kama yuko chumba cha pili.

Wiki ya tatu, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam, akanitumia picha bila neno lolote. Magogo yamefika. Yalikuwa mazuri, yamenyooka, magome bado yako juu yake, yamepangwa pembeni mwa mdomo wa duara kama kuni za sherehe. Nikafurahi. Nikampelekea mpwa wangu Cardiff, akajibu kwa kidole gumba.

Jioni nikaifungua tena picha ile, nikaivuta kwa vidole viwili niyahesabu magogo. Yalikuwa ishirini na sita, yote nje. Nyuma yake ilionekana winchi, na kutoka kwenye winchi kamba ilikuwa inaingia shimoni, imekaza.